Picha Zinazongoja Wenyewe

Nyumba ile ya Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, ina masharti yake, na mgeni huambiwa mapema, kabla chai haijamiminwa. Mikono ioshwe na ikaushwe barabara. Simu iwekwe juu ya kabati. Picha ishikwe kingoni, kwa mikono miwili, isipitishwe juu ya kikombe. Na sanduku la wanawake halifunguliwi mpaka wanaume wote wametoka chumbani.

"Wewe mwanamke mwenzetu, utaona yote," Shangazi aliniambia. "Lakini kuona si kuchukua."

Kwa nasaba ni shangazi wa rafiki yangu ninayefanya naye kazi Dar es Salaam, ila nyumba nzima humwita hivyo, na majirani pia, nami nikafuata. Baba yake alikuwa mpiga picha. Alianza akiwa kijana wa kufagia na kubeba maji katika studio ya Mgoa mmoja humo humo Mji Mkongwe, akaijua kazi ya chumba cha giza kwa kutumwatumwa, na miaka ya 1950 akafungua duka lake. Alipiga watu tu. Bandari, milango ya nakshi na machweo ya Forodhani aliwaachia wengine. Alifunga duka mwishoni mwa miaka ya 1980, mashine za picha za rangi zilipoanza kumtolea mteja picha zake siku hiyo hiyo. Familia imeniomba nisiandike jina lake, na sababu yao naikubali: waliomo masandukuni wana watoto na ndugu mitaa ya jirani, na jina la studio likishatajwa watu watabisha hodi kuomba kuona picha za watu wengine.

Kabla ya kwenda Kiponda nilipita Barabara ya Kenyatta, kwenye Capital Art Studio, kwa sababu huwezi kuzungumzia upigaji picha Unguja ukaruka mlango ule. Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930 na kuifanyia kazi maisha yake yote. Alifariki 1993, na mwanawe akaishika kazi. Oza aliwapiga Sultani na watu wa kasri, na baada ya Mapinduzi ya 1964 akawapiga viongozi wapya. Kuta zimejaa picha za rangi nyeusi na nyeupe toka chini hadi juu: mitaa, majahazi, sherehe, nyuso. Mgeni anaingia, anachagua, analipa, anaondoka na picha ya Unguja ambayo hakuiwahi. Nilisimama pale kwa muda mrefu na niliheshimu kila nilichokiona. Ila ukutani picha imekwishakuwa ya wote. Mimi nilitaka kuona picha ambazo bado zina mwenyewe.

Kamera ilifika Unguja mapema. Kufikia mwisho wa karne ya 19 kulikuwa na studio za Wagoa zenye jina, A. C. Gomes na Coutinho miongoni mwao, na baadaye de Lord. Waliwapiga matajiri na watawala, na walichapa pia kadi za posta kwa ajili ya wasafiri wa meli. Nimeziona kadi hizo katika vitabu na makumbusho, na kila ninapoziona hunipanda hasira ileile. Mwanamke amekaa, amevaa kanga yake mpya na vipini vyake vya masikio, anaitazama kamera sawasawa, na chini yake pameandikwa tu kwamba ni mwanamke wa Kiswahili. Hana jina, hana mtaa, hana mama. Kadi ilikwenda Hamburg au London kumfurahisha mtu asiyemjua, na yeye mwenyewe huenda hakupata hata nakala moja.

Miaka sitini baadaye, katika duka la baba yake Shangazi, mambo yalikuwa yamegeuka. Mwanamke alikuja kwa miguu yake, akalipa kwa pesa yake, akachagua akae au asimame, akaandikwa jina daftarini. Picha ilikuwa yake. Mpiga picha alikuwa fundi aliyeajiriwa, na fundi hana haki ya kuonyesha nguo ya mteja wake barabarani. Hiyo ndiyo sheria anayoishika Shangazi mpaka leo, na kwa macho yangu ndiyo inayozifanya picha za nyumba ile ziwe na uzito kuliko nyingi nilizoona zimetundikwa kwenye fremu nzuri.

Tulianza na sanduku la wanaume, sote pamoja, juu ya mkeka, Ami wa rafiki yangu akiwa ndiye mwenye maneno. Ami ni mdogo wake Shangazi. Utotoni alikuwa mtu wa kupeleka picha kwa baiskeli hadi Ng'ambo, kwa hiyo uso akiushika hauachi.

"Huyu Raha Leo. Huyu Kikwajuni. Huyu alikuwa mwalimu wetu, mkali, Mungu amrehemu."

Kisha akapanga picha nane au tisa kwa safu, akaniambia nitazame koti. Sikuona kitu mwanzo. Wanaume wale hawafanani hata kidogo: mmoja mwembamba wa kidevu kirefu, mwingine ana kifua cha mpiga makasia, mwingine kijana ambaye ndevu bado. Halafu nikaona kifungo cha pili, kilichoshonwa kwa uzi mweupe. Koti lilikuwa moja. Kwa mwembamba limefumbatwa nyuma kwa pini, na ukitazama kwa makini unaona mikunjo ikikimbilia upande mmoja wa kiuno. Kwa mwenye kifua halikufungwa kabisa, mkono mmoja umewekwa mfukoni ili lionekane limeachwa wazi kwa makusudi. Kwa kijana, mikono imemeza vidole hadi kwenye kucha. Lilikuwa koti la harusi la mzee mpiga picha mwenyewe, akaliacha likining'inia studio pamoja na tai mbili na saa ya mkononi isiyotembea.

Saa ile nayo nikaifuatilia. Kila aliyeivaa amevuta mkono wa shati nyuma kidogo, kadiri ya vidole viwili, ili ionekane. Picha moja yenye saa ilipelekwa kwa mchumba, nyingine kwa ndugu aliyeko Mombasa au Dar, nyingine ilitiwa kwenye fremu sebuleni kwa mama. Mzee alijua wapi inakwenda kabla hajabonyeza, maana aliuliza. Ami anasema swali la kwanza la baba yake lilikuwa siku zote, "Hii ya nani?" Akiambiwa ya mama, alimwambia mtu acheke kidogo. Akiambiwa ya ofisini, alimnyoosha shingo.

Mabaharia wa majahazi karibu hawamo sandukuni, ingawa daftarini majina yao ni mengi. Walikuja na kaskazi, kuanzia Desemba, kutoka Sur, Maskati na Kuwait, wakatia nanga Malindi, wakapiga picha kwa vilemba vipya. Kusi ilipoanza walirudi kwao, na siku chache kabla walikuwa wamejipanga mlangoni kuchukua zao. Aliyesafiri na upepo alikuwa na tarehe. Picha zilizobaki ni za watu wa hapa hapa, waliodhani wana wakati.

Masanduku yenyewe nayo yana la kusema. Ni maboksi ya karatasi za picha, ya kadibodi ngumu. Ya zamani ni ya Ilford na Agfa. Baada ya 1964 yanaanza maboksi ya ORWO, kiwanda cha Wolfen huko Ujerumani Mashariki, nchi ile ile iliyowajengea watu maghorofa ya Kikwajuni. Picha za miaka ya 1970 zina madoa ya manjano ambayo za miaka ya 1950 hazina. Ami alinieleza: picha ikitoka kwenye dawa ya kukazia lazima isuuzwe kwa maji mengi, yanayotembea, muda mrefu, la sivyo dawa inabaki ndani ya karatasi na kuila polepole. Miaka ile dawa ilikuwa ya kubahatisha na maji yalibebwa kwa ndoo. Mzee alisuuza kwa ndoo mbili pale palipotakiwa pipa. Alijua kuwa picha zile zitageuka rangi. Akazipiga hivyohivyo, kwa sababu watu waliendelea kuoa na kuzaa.

Ilipofika adhuhuri wanaume walikwenda msikitini, na kutoka huko wakakaa barazani. Shangazi akafunga mlango, akashusha pazia la dirisha la barabarani, akalitoa sanduku la wanawake chini ya kitanda chake.

Hapa aligeuka kuwa mtu mwingine. Pale kwa wanaume alimwachia mdogo wake aseme. Hapa alikuwa ameketi juu ya kazi yake mwenyewe. Tangu akiwa na miaka kumi hivi, mama yake alimchukua studio siku za Sikukuu, pale watu walipotoka viwanja vya Mnazi Mmoja wakafurika dukani na watoto wao waliovaa nguo za Idd. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba kidogo chenye kioo na mlango wake wa uchochoroni. Wanawake waliingia kwa mlango huo na mabuibui yao, mama akawavua, akawapanga kanga, akawatia wanja, na mtoto akashika sanduku la pini. Mzee aliitwa mwisho, kila kitu kikiwa tayari. Akapiga, akatoka. Kuchapa alichapa yeye, lakini rangi alitia mkewe.

Rangi! Nilikuwa nimesoma kuhusu picha za kutiwa rangi kwa mkono, ila sikuwahi kuiinamia moja nikaona alama za pamba. Karatasi huwa haina mng'aro, ili rangi ya mafuta ishike. Unachukua pamba kidogo kwenye ncha ya kijiti, unagusa rangi, unasugua kwa mizunguko midogo midogo hadi ibaki kama kivuli tu, kwa sababu ikizidi inaziba picha iliyo chini. Mashavu kwanza. Midomo mwisho. Dhahabu ya pete na mikufu hutiwa kwa nukta za brashi ya nywele chache. Bi mkubwa yule hakuikumbuka kanga ya kila mtu, hivyo mzee aliandika nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, kwa herufi za Kiarabu: mjini kijani, pindo jekundu, kipini dhahabu, kikuku fedha. Shangazi alinisomea moja baada ya nyingine akipitisha kidole hewani juu ya maandishi, bila kuyagusa.

Picha iliyonishika zaidi ni ya wasichana wawili waliovaa sare, kanga moja na shali moja, mikono imeshikana juu ya goti la mmoja. Ni inchi nane kwa kumi. Wa kushoto amekamilika: pindo jekundu, ndani manjano, midomo imekolezwa, na kwenye sikio nukta ya dhahabu ambayo mpaka leo inang'aa ukiinamisha picha. Wa kulia ni wa kijivu mtupu. Rangi imekuja mpaka kwenye vidole walivyoshikana, ikakoma. Kidole cha mmoja kina damu, cha mwenzake hakina. Nyuma kuna muhuri wa studio, namba, tarehe ya mwezi wa Desemba 1963, na maelezo ya rangi kwa wote wawili.

"Mama alitia rangi usiku, sisi tukishalala," Shangazi alisema. "Hii aliianza Jumamosi."

Mapinduzi yalikuwa Jumapili, tarehe 12 Januari 1964. Hakuongeza neno, na mimi sikumwuliza. Duka lilifungwa kwa muda. Lilipofunguliwa, nyumba ya wasichana wale ilikuwa na watu wengine. Kuna bahasha nzima za picha za aina hiyo, zimelipiwa arubuni na hazikuja kuchukuliwa. Wengine waliuawa. Wengine waliondoka, Dar, Mombasa, Dubai, Maskati, Uingereza. Wengine walikuwa wapo mtaa wa pili tu, lakini picha ya kilemba na jambia, au ya mavazi ya nyumba fulani, haikuwa tena kitu cha kwenda kukidai kaunta. Mzee hakuchoma hata moja. Alizihamisha kutoka dukani hadi nyumbani, chini ya nguo, na hakumwambia mtu.

Nilidhani kwamba hata picha zikiharibika, negativi zipo. Shangazi akaniletea bati la biskuti, akalifungua kwa mkono ulionyooshwa mbali na uso. Harufu ya siki ikajaa chumba. Filamu za asetati zikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu hugeuka tindikali, na hali hiyo ikishaanza huambukiza zilizo jirani. Zilikuwa zimejikunja, ngozi ya juu imeachana na ya chini, sura zimevurugika. Zile zilizochorwa risasi na mzee, kuziba mabaka ya ndui au kupunguza kivuli chini ya jicho, bado zinaonyesha alama za penseli, ila uso wenyewe hauko. Kwa hiyo ile karatasi ya wasichana wawili, rangi nusu, ndiyo pekee. Na yenyewe haijasalimika kabisa: kwenye weusi wa nywele, fedha iliyomo ndani ya karatasi imeanza kupanda juu, ukiinamisha unaona mng'ao wa buluu kama mgongo wa kibua. Bahari iko hatua chache toka pale. Hewa yake inafanya kazi usiku na mchana.

Daftari ndilo linaloyaunganisha yote. Lina safu za namba, jina, kipimo, arubuni na baki. Pembeni, mistari mingi ina neno moja, *imechukuliwa*. Nilipofungua kurasa za 1963 nilikuta neno hilo limeandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu mpya, mwandiko wa Shangazi, mara kadhaa. Akanieleza. Watu huja. Hupata habari kwa mdomo, harusini au msibani, huko Maskati kwenye familia zinazozungumza Kiswahili nyumbani hadi leo, kwamba fulani wa Kiponda bado anazo. Mama mmoja alikuja na binti yake, akasema marehemu mama yake alikuwa akiisimulia picha aliyopigwa kabla ya kuolewa ambayo hakuiona kamwe. Shangazi hakumpa mara moja. Alimwuliza jina la bibi mzaa mama, nyumba waliyokaa, na mama yake alikuwa na alama gani. Yule akasema kovu la moto, mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Shangazi akaenda chumbani peke yake, akatazama, akarudi nayo. Daftari lilionyesha baki ya shilingi tatu. Mgeni akataka kutoa pesa nyingi. Shangazi akakataa, akataka asomewe baba yake Fatiha, ikasomwa pale pale, na mstari ukaandikwa.

Mtu mwingine alikuja kwa nia tofauti. Alikuwa akipamba hoteli, alitaka picha za wanawake, zile za rangi hasa, awe na ukuta mzima nyuma ya meza ya mapokezi. Alitaja bei ambayo ingetengeneza paa la nyumba ile, na paa linavuja, nimeliona. Walimkatalia. Najua watakaosema huo ni ukaidi wa wazee, kwamba heri picha ionekane hotelini kuliko ioze chini ya kitanda. Mimi nasema hapana. Ukuta ule ungekuwa kadi ya posta upya: mwanamke mzuri asiye na jina, mbele ya mtu anayesubiri ufunguo wa chumba. Mjukuu wake angeweza kupita pale akibeba mashuka asijue anatazamana na nani.

Kuoza, hata hivyo, ni jambo la kweli, na wanaume waliporudi ndani mabishano yakaanza upya, kwa sababu ni ya siku zote. Ami anataka kila kitu kipigwe nakala kwa kompyuta mwaka huu huu. Shangazi anaogopa nakala, kwa hoja ambayo sikuweza kuijibu: karatasi ni moja na ufunguo wa chumba anao yeye, lakini nakala ikishatoka simu moja kwenda nyingine hakuna wa kumwuliza jina la bibi yake. Rafiki yangu akapendekeza njia ya kati. Dada yake mdogo, anayefundisha shule hapo mjini, afanye sanduku la wanawake yeye mwenyewe, humo humo ndani, kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti, na zitunzwe mahali pawili. Sanduku la wanaume Ami aendelee nalo.

Nilitia langu moja. Mgongo wa picha nao uchukuliwe, kila moja, pamoja na daftari ukurasa kwa ukurasa. Picha bila mgongo wake inarudi kuwa kadi ya posta. Shangazi alinitazama, akasema, "Hilo sawa, mwanangu," kisha akataka kujua kama mwanga wa mashine ya kunakili unakula rangi. Kwa mara moja hauna madhara makubwa, nilimwambia, ila jua la dirishani ndilo adui, na maboksi haya ya zamani yana tindikali yake. Picha zihamie kwenye bahasha za karatasi isiyo na tindikali, moja moja. Bati la negativi liondoke chumba kile leo.

Bati lilihamishiwa stoo ya nyuma kabla ya alasiri. Mashine inatakiwa iwe ya kulaza, inayochukua hadi inchi kumi kwa kumi na mbili, maana mzee alipenda kuchapa kubwa, na rafiki yangu ameshaanza kuiulizia Kariakoo. Mimi nimechukua jukumu la bahasha. Kazi wataianza na kurasa za 1963 za daftari. Wasichana wa kurasa zile, walio hai, sasa wamepita themanini, na Shangazi anataka zao zitangulie wakati wapo bado watu wanaoweza kujibu maswali yake.